Barua kwa mwanangu: mlale wapi Unguja mkitaka kuona samaki

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wajukuu zangu. Umeniuliza mkija Unguja mwezi wa sita, likizo ya shule, siku tano, mpange Nungwi, Paje au Matemwe, maana watoto wamekwishanunuliwa miwani ya maji na hawataki kusikia jingine. Jibu langu: siku mbili Kendwa, jirani na Nungwi, siku tatu Matemwe, kwa mpangilio huohuo. Paje iacheni.

Zile picha za hoteli ulizonitumia zote zimepigwa maji yamejaa. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe kushuka Kiwengwa, Pongwe, Paje hadi Jambiani, imekingwa na mwamba ulio mbali na ufuo. Maji yakipwa, yale maji ya kijani ya kwenye picha yanabaki mchanga, mawe na madimbwi, na anayetaka kuogelea anatembea mpaka achoke. Kupwa na kujaa kwetu si jambo dogo: wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, tofauti inapita mita 3, na bamvua kubwa hukaribia 4. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi ufuo unateremka haraka, kwa hiyo maji ya kuogelea yapo saa zote. Fungua ramani ya setilaiti, tafuta mstari mweupe mawimbi yanapovunjikia, upime kutoka hoteli mpaka hapo. Ukikuta kilomita nzima au zaidi, ujue mbele ya hoteli hiyo kuna nusu ya siku isiyo na maji.

Kabla hujalipia chochote, tazama mwezi. Bamvua linakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukomaa siku moja au mbili baadaye. Siku hizo hapa Unguja maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, yaani saa ileile jua linapoangaza vizuri chini ya maji, na hujaa tena saa kumi na kitu alasiri, upepo ukiwa umeshachafua. Maji mafu ni kinyume chake: karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkondo ni mpole na mchanga hautibuliwi sana. Kila siku saa za maji zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukijua siku moja unaweza kuhesabu wiki nzima. Siku zenu tatu za Matemwe ziangukie maji mafu. Hilo lina uzito kuliko nyota za hoteli.

Halafu upepo. Mwezi wa sita ni kusi, linavuma kutoka kusini mashariki, na Paje, Bwejuu na Jambiani zimelielekea uso kwa uso. Ndiyo maana vijana wa kuteleza majini kwa vishada wanajazana Paje miezi hiyo. Ukiona picha yenye vishada vingi angani, hapo ni pa upepo, na penye upepo maji ya ndani ya mwamba yanakuwa ya maziwa. Kule Jambiani na Paje vilevile mtaona vigingi na kamba maji yakipwa; ni mashamba ya mwani ya kina mama, watoto wasikatize juu yake. Kendwa imetazama magharibi, kusi haliipati. Mngekuja Oktoba au Novemba, tanga mbili, bahari ikiwa imelala, ningekuwa na maneno mengine.

Sasa kwa nini Matemwe, kama nayo ni mashariki? Kwa sababu ya Mnemba, kisiwa kidogo kilicho mbele yake baharini. Samaki wengi mtakaowaona Unguja wako kwenye mwamba wa Mnemba, na kutoka Matemwe, hasa ukipanga kaskazini yake kuelekea Muyuni, boti inafika kwa nusu saa au pungufu. Kutoka Nungwi safari ni ndefu zaidi, na kusi likivuma mnakwenda mkilipinga, mawimbi yanakuja usoni na watoto watatapika kabla hawajaona hata changu mmoja. Aliyelala Matemwe anaondoka saa moja asubuhi, anaogelea, na boti kubwa za Nungwi zikifika yeye anafuta miwani. Zikishafika, mtaona migongo ya watu kuliko migongo ya pono. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, hamtashuka. Mnaogelea kutoka kwenye boti. Mwambie nahodha awapeleke upande wa demani, usiopigwa na upepo, kwenye kina cha mita 2 hadi 5. Na mwambie mapema kwamba hamtaki kufukuza pomboo. Boti kumi zikimzingira mnyama mmoja si matembezi, ni usumbufu.

Ukipiga simu hotelini usiulize kama pana snokeli, yaani kuogelea kwa miwani na bomba, kila mtu atakwambia ipo. Uliza hivi: maji yakipwa natembea dakika ngapi kufika maji ya kiunoni? Boti ni yenu au ya kukodi, na inaondoka saa ngapi siku ya bamvua? (Atakayekujibu saa ileile kila siku, haijui bahari au hakujali.) Jaketi za kujiokoa za mtoto wa miaka tisa mnazo, au za watu wazima tu? Bei ina ada ya hifadhi ndani yake? Bei ya wenyeji ni ngapi? Hiyo mnastahili, mje na vitambulisho.

Kendwa kwanza, kwa ajili ya mazoezi. Samaki wa ufuoni pale ni wachache, lakini mchanga ni safi na mtoto anasimama. Miwani ijaribiwe nyumbani: aiweke usoni bila kufunga mkanda, avute pumzi kwa pua, aachie mikono. Ikidondoka, haimfai, na kukaza mkanda hakutaponya. Kutazidi kuikunja ivujishe. Baba watoto akiwa na masharubu mazito maji yatampitia hapo juu ya mdomo, apunguze au apake mafuta ya mgando. Miwani mipya ina utando wa kiwandani ndiyo maana inapata ukungu. Kama kioo ni kioo halisi, paka dawa ya meno ndani, sugua kwa kidole dakika chache, suuza, rudia mara mbili tatu. Baada ya hapo mate yanatosha kila mkiingia. Bomba la kupumulia lishikwe kwa meno kwenye vile vijipande viwili vya mpira, midomo ifunike nje. Mtoto anayeuma bomba lote anameza maji, anaogopa, na siku imekwisha. Mfundishe kupuliza kwa nguvu "tuu" maji yakiingia, kabla ya kuvuta tena.

Kila mmoja awe na fulana ya mikono mirefu, maana mgongo ndio unaoungua, na yeboyebo ngumu kwa kutembea mawe yakiwa wazi. Wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu wamejaa kwenye mawe ya Matemwe, mwiba wao unakatikia nyayoni. Msisimame juu ya matumbawe hata mkichoka: yanakatika, na yanachana ngozi kidonda kisichopona upesi.

Jambo moja sitaki lipuuzwe. Mwamba wa mashariki una milango, mapengo ambayo boti hupitia. Maji yanapotoka, maji yote ya ndani yanakimbilia humo, na mtu mzima mwenye mapezi miguuni hashindani nayo. Kutoka ufuoni ogeleeni saa ya mwisho ya kujaa hadi maji yanaposimama, mbali na mlango. Mkivutwa, msipambane kuogelea kurudi mlikotoka, kateni ubavuni kufuata mwamba huku mnapunga mkono.

Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na mji, umeiuliza pia. Ni hifadhi tangu mwaka 1994, matumbawe yake yametunzwa, hakuna kuzamia kwa mitungi, ni snokeli tu. Vyumba ni 7 na bei ni ya wageni wenye fedha, lakini hupokea watu wa kutwa nafasi ikiwapo. Waandikieni mapema, iwe siku ya kurudi mjini. Mafia subirini mwaka mwingine, kati ya Novemba na Februari, papa potwe wakiwapo na Ghuba ya Chole ikiwa tulivu. Siku tano mkigawa visiwa viwili mtaishia kupanga mabegi.

Nitumie tarehe rasmi za likizo yako ya kazini kabla hujalipa, nizilinganishe na mwezi. Ikibidi msogeze siku tatu au nne, muombe bosi wako sasa.

Mama yako