Maswali na majibu: Mfungaji hatari anazuiwa kabla hajashika mpira

Meseji nyingi mlizotuma wiki hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kuna timu ya mpira wa kikapu mnakutana nayo, ina mtu mmoja anayefunga anavyotaka, na hamjui mumfanyeje. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Tunashiriki ligi ya mtaani huku Tabata. Jumamosi tunacheza na jamaa ambaye hashuki pointi 30. Tumepanga mzuiaji wetu bora amgande dakika zote 40. Tuko sawa?
*Msomaji, Tabata*

Kumpa mtu mmoja jukumu la kwanza ni sawa. Kumwachia peke yake dakika 40, hapana. Kwanza kuna faulo. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea sisi, faulo ya tano inakutoa mchezoni, wakati NBA, ligi ya Marekani, wanasubiri ya sita. Mfungaji mzoefu analijua hilo, na atamtafutia mtu wenu faulo mbili za haraka robo ya kwanza. Halafu kuna miguu. Anayemkimbiza mfungaji anagongana na skrini (mpinzani anayesimama njiani kumzibia) moja baada ya nyingine, na robo ya nne ikifika, pale mnapomhitaji kuliko wakati wowote, pumzi imekata. Andaeni wawili, hata watatu, wenye maumbo tofauti: mmoja mwepesi wa miguu, mwingine mrefu wa mikono. Detroit Pistons walipokuwa wakimsumbua Michael Jordan, Joe Dumars ndiye aliyeanza naye, lakini Dennis Rodman naye alipewa zamu yake, na aliyewapita hao alikutana na miili mingine njiani. Waliwatoa Chicago Bulls, timu ya Jordan, kwenye mtoano miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990.

Kubwa zaidi ni hili, na nitalirudia mpaka mlishike: kazi haianzi anaposhika mpira. Akiupokea pale anapopapenda, uso ukitazama kikapu, mmeshachelewa, hata mzuiaji awe nani. Mtu wenu aingie kwenye njia ya pasi, mkono mmoja umenyooshwa humo, kiganja kimeelekea mpira, macho yakimwona mtu na mpira kwa wakati mmoja. Asihangaike kuiba pasi. Anachotafuta ni jamaa aupokee mpira hatua mbili tatu nje ya mahali pake, mgongo ukiwa kwenye kikapu, na sekunde 10 kati ya zile 24 za kila shambulizi zimeshakwenda. Mtu anayefunga kirahisi kutoka mita sita si lazima afunge kutoka mita nane. Na yule anayempasia naye abanwe. Makocha wengi wa mtaani wanamsahau huyu, wakati yeye ndiye mlango wenyewe.

Shikamoo kocha. Mimi ni gadi, mchezaji wa nje anayeongoza mpira, wa timu ya chuo. Nikimsogelea mtu ananipita, nikimwachia nafasi anashuti. Nisimame vipi?
*Mwanafunzi, Mlimani*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ndilo gumu kuliko yote ya leo, kwa hiyo tulia nalo.

Simama umbali ambao ukinyoosha mkono unamgusa tumboni. Macho yako yabaki hapo hapo tumboni, maana kichwa, mabega na mpira vyote vinaweza kukudanganya, lakini kiwiliwili hakiwezi kwenda upande mmoja na kitovu upande mwingine. Kisha chagua upande wa kumnyima. Kama anatumia mkono wa kulia, usisimame naye uso kwa uso. Kifua chako kikae mbele ya bega lake la kulia, mguu wako wa kushoto uwe mbele na wa kulia nyuma kidogo. Hapo umemfungia mkono anaoupenda na umemwachia njia moja tu, ya kushoto, na wewe unaijua kabla yake.

Njia hiyo iishie kwa mwenzako mrefu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA mwaka 2009, alijijengea jina pale Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuzuia mashuti chini ya kikapu. Timu ikiwa na mtu wa namna hiyo nyuma, gadi anabana kwa ujasiri, kwa sababu kupitwa upande uliokubaliwa si msiba. Kupitwa upande ambao hamkukubaliana ndiko kunakoleta vikapu vya bure.

Akiinua mpira kushuti, inua mkono wako umzibe macho, na usiruke mpaka nyayo zake zimeacha sakafu. Wafungaji wazuri wanaishi kwa watu wanaoruka mapema. Usiushushe mkono kuukata mpira, na usiingize mguu wako pale atakapotua: nafasi ya kutua ni yake kisheria, na anaweza kuvunjika kifundo cha mguu.

Mazoezini fanya hivi: mikono nyuma ya mgongo, mwenzako anadribo kwa kona kona kutoka kikapu hadi mstari wa katikati, wewe unamfuata kwa miguu peke yake, kifua mbele yake. Utachukia wiki ya kwanza.

Tucheze zoni au mtu kwa mtu?
*Kapteni wa timu, Kurasini*

Kapteni, usimtazame mfungaji wao. Watazame wale wanne wengine. Kama wawili kati yao wanashuti vizuri kutoka nje, zoni, yaani kila mtu kulinda eneo lake, itawaumiza, kwa sababu mfungaji atavuta watu na kuwapasia. Kama hawashuti, jaribuni boksi na mmoja: mtu mmoja anamfuata mfungaji kila anakokwenda, wanne waliobaki wanajipanga pembe nne kuzunguka kikapu.

Mnaweza kudhani ni mbinu ya shule za sekondari, lakini Toronto Raptors waliitumia kwenye fainali za NBA za 2019. Mchezo wa pili, Klay Thompson wa Golden State Warriors alitoka akiwa ameumia, Kevin Durant hakuwepo, na kocha Nick Nurse akamtuma Fred VanVleet amfuate Stephen Curry huku wengine wakikaa boksi. Warriors walikaa zaidi ya dakika tano kuelekea mwisho bila pointi. Kilichowaokoa ni Andre Iguodala, mtu ambaye Raptors walikubali aachwe peke yake: alipachika pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde chache, wakashinda 109-104. Mimi bado nasema Raptors walifanya uamuzi sahihi. Ukimnyima Curry na kumpa Iguodala, umechagua vizuri hata siku ambayo mpira unaingia. Na ubingwa waliuchukua wao, kwa michezo 4-2.

Kwetu hesabu hiyo inalipa zaidi. Viwanja vyetu vingi havina paa, na jioni upepo ukitoka baharini, shuti la mbali la mtu wa kawaida halina uhakika. Halafu FIBA haina ile sheria ya NBA inayomkataza mzuiaji kukaa zaidi ya sekunde tatu kwenye eneo la ndani bila kumkaba mtu. Mrefu wenu anaweza kubaki chini ya kikapu shambulizi zima. Tumieni hilo.

Msikae tu kwenye mfumo mmoja. Dallas Mavericks walipochanganya zoni na mtu kwa mtu kwenye fainali za 2011, LeBron James aliishia wastani wa pointi 17.8 na Miami Heat wakapoteza 4-2. Ni mfungaji wa kiwango cha juu kabisa, na bado alionekana anasita, hajui anakutana na nini.

Kumpelekea watu wawili kunasaidia, au tunawaachia wengine wafunge?
*Msomaji, Mbagala*

Kunasaidia mkichagua wakati na mahali. Wakati mzuri ni anapokuwa amegeuza mgongo, au ameshaukamata mpira baada ya kudribo. Mahali pazuri ni kwenye kona, au mara tu anapovuka mstari wa katikati, kwa sababu mistari hiyo inamzuia pamoja nanyi. Akiwa katikati mbele ya kikapu, mbali na mistari ya pembeni, msimpelekee: anaona kila mtu.

Anayekwenda kusaidia atoke kwa mshutaji wao dhaifu, kamwe asitoke kwa mtu aliye pasi moja tu kutoka mpira. Hao wawili wabanane mpaka magoti yakaribie kugusana, mikono juu, pasipo kuchota mpira chini. Mpira ukipaa, wote wakimbie kurudi.

Na msisubiri achemke. Tarehe 22 Januari 2006 Kobe Bryant alikuwa na pointi 26 wakati wa mapumziko, Toronto wakiongoza 63-49. Kipindi cha pili akaongeza 55, akamaliza na 81, Los Angeles Lakers wakashinda 122-104. Ubao wa matokeo unaweza kukuambia mambo shwari wakati mtu ameshaanza kupata mdundo wake.

Kwa nini tusimpige rafu tu mpaka atulie?
*Msomaji, Manzese*

Kwa sababu ni vibaya, ndugu yangu. Mtu akiumizwa mtaani hana bima wala daktari wa timu, na Jumatatu ana kazi ya kwenda. Na kimchezo mnajikaba wenyewe. Kuanzia faulo ya tano ya timu ndani ya robo, kila faulo ya kuzuia ni mitupo huru miwili. Faulo isiyo ya kiungwana inawapa mitupo na mpira wanabaki nao. Mnampa mfungaji pointi akiwa amesimama, hana mtu mbele yake. Katika zile 81 za Kobe, 18 zilitoka kwenye mitupo huru 20.

Nafundisha michezo sekondari. Wapinzani wetu wana binti mrefu anayefungia chini ya kikapu, sisi hatuna mrefu.
*Mwalimu, Temeke*

Mwalimu, msichana wako asikae nyuma yake. Akae mbele, kati yake na mpira, ili pasi ilazimike kupita juu. Mwenzake wa upande usio na mpira anaisubiri pasi hiyo nyuma. Anayepasia abanwe mikono, maana pasi ya juu inataka utulivu. Mkipata mpira, kimbieni kila mara. Mrefu akilazimishwa kupanda na kushuka uwanja mzima, robo ya nne hataruka vile alivyoruka ya kwanza.

Nilimkaba mtu akafunga 34 lakini tulishinda. Wenzangu wananicheka. Nilifeli?
*Mchezaji, Ukonga*

Hapana, kaka. Tarehe 20 Aprili 1986 Jordan aliwafunga Boston Celtics 63 kwenye mtoano, na Boston wakashinda 135-131 baada ya nyongeza mbili. Hakuna aliyewarudisha Celtics wakarudie mchezo.

Uliza alishuti mara ngapi kupata hizo 34. Kama ni mara 30, na nyingi za kulazimisha, umefanya kazi. Kama ni mara 17, kuna tatizo, na huenda si lako peke yako. Uliza pia kama mlimshambulia alipokuwa anakaba. Mfungaji anayeachwa apumzike upande wa ulinzi atawamaliza upande wa pili, kwa hiyo mtu wenu anayekabwa na mfungaji huyo apewe mpira na aende kikapuni mara kwa mara.

Mchezo ujao mpe aliye benchi karatasi na kalamu. Achore nusu uwanja, na kila jamaa anapopokea mpira aweke nukta mahali alipoupokelea, anaposhuti aweke alama ya mkato. Wakati wa mapumziko mtazame zile nukta kwanza.