Watoto na viota vya masika: majibu kwa dada wa Korogwe

Dada, swali lako la jana nimelisoma mara mbili. Umesema wanao wawili, wa miaka 7 na 10, wameona kwenye televisheni watoto wa Ulaya wakitundika visanduku vya mbao mitini majira ya kuchipua ili ndege wazalie humo, nao wanataka kufanya vivyo hivyo hapo kwenu. Ukauliza kama inafaa, na kama haifai, wafanye nini. Mimi nina watoto watatu, tunakaa Tanga, nje kidogo ya mji, na hii ni masika ya nne tunalishughulikia jambo hili. Uniwie radhi, jibu ni refu.

Visanduku vinasaidia kule kwa sababu wako ndege wadogo wengi wanaozalia kwenye mashimo ya miti, na miti mizee yenye mashimo imepungua. Huku kwetu ndege wengi wa karibu na nyumba hawatafuti shimo. Mnana anasuka mwenyewe. Chozi anatundika kifuko chake. Shorewanda anajenga kikombe kichakani, na hua anapanga vijiti vichache ovyo ovyo, anataga. Ukitundika kisanduku huenda shomoro akaingia, au nyuki wakakuwahi. Wakitaka kujaribu waache wajaribu, lakini shida ya ndege wetu iko kwingine.

Majira yetu ya kuchipua ni masika. Mvua ikishika mwezi wa tatu, wadudu wanajaa, na ndege wanajua chakula cha makinda kipo. Hata mnana anayekula nafaka huwalisha makinda wake viwavi na panzi. Wakati huo huo ndipo watoto wa mtaani kwetu wanapotoa manati.

Anza na hiyo manati. Mwanangu mkubwa alikuwa nayo, panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, kipande cha ngozi ya kiatu. Jioni moja alinijia anafurahi, ameshika mnana jike, bado wa moto mkononi. Mnazi wa nyuma ya nyumba ulikuwa na viota zaidi ya ishirini mwaka ule. Sikumpiga wala kumkaripia. Kesho yake asubuhi nilikwenda naye tukasimama chini ya mnazi. Kwenye viota vingine majike yalikuwa yanaingia na kutoka, kila likiingia makinda wanapiga kelele, likitoka wananyamaza. Kiota kimoja cha upande wa barabara kelele yake haikukatika. Siku ya pili ilikuwa sauti nyembamba. Siku ya tatu kimya. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na hakuna nilichomwambia. Manati aliichoma mwenyewe jikoni.

Baada ya hapo nilimwonyesha mnana anavyofanya kazi. Dume anachana ukuti uzi mmoja mmoja, anafunga pete kwanza, halafu anasuka kuizunguka, kisha ananing'inia chini ya kiota akipigapiga mbawa ili jike aje kukagua. Jike akikataa, dume anakibomoa, anaanza upya. Watoto wakishaona hilo mara moja hawabanduki. Mwanangu aliwaita wenzake watatu, nao wakawaita wengine, na wao wenyewe wakapatana kwamba mvua ya kwanza ikinyesha manati na ulimbo vinawekwa kando mpaka mwezi wa saba. Mimi mtu mzima ningesema mwaka mzima, wasingenisikia. Mtoto anasikilizwa na mtoto mwenzake, kwa hiyo wanao wape nafasi ya kuwa wasemaji.

Jambo la pili linaniuma kwa sababu kosa lilikuwa langu. Chozi alitundika kiota kwenye waya wa taa ya baraza yetu, nyasi kavu zimefungwa kwa utando wa buibui, vijani vikavu vinaning'inia chini kama mkia, mlango ubavuni na kiukingo kidogo juu yake kama kibaraza. Ndani mayai mawili. Nikawaletea watoto kigoda, wakawa wanapanda kuchungulia kila asubuhi, wote watatu, halafu na majirani. Sikumwangalia kunguru aliyekuwa juu ya bati. Hawa kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa pwani yote, wanatazama watu wanapotazama. Siku ya tano kiota kilikuwa kimechanwa, ganda liko sakafuni. Mwanangu wa mwisho alilia mpaka akalala.

Sasa tuna mstari wa mkaa sakafuni, hatua kumi kutoka kwenye kiota chochote. Hakuna kuuvuka, na tunatazama mara moja kwa siku, kunguru akiwa hayupo. Na takataka! Kunguru anaishi kwa takataka zetu. Kazi ya binti yangu ni kufukia matumbo ya samaki na kufunika pipa. Kama kuna kazi moja ya mkono ambayo mtoto wa pwani anaweza kuifanya kwa ajili ya ndege wadogo, ni hiyo.

Kinda akianguka baada ya upepo, watu watakwambia ukimgusa mama yake atamkataa kwa harufu ya mtu. Si kweli, ndege wengi hawanusi kiasi hicho. Ikiwa hana manyoya, arudishwe kiotani haraka. Kiota kikiwa kimeharibika, chukua kifuu, kitoboe chini maji yatoke, tia nyasi kavu, kifunge kwenye tawi lile lile, muweke, mwondoke wote. Tulifanya hivyo kwa makinda wawili wa shorewanda, na kabla ya saa moja kupita mama alikuwa anawalisha. Ikiwa ana manyoya na anarukaruka chini, huyo hajapotea, anajifunza. Fungieni paka, mwekeni juu ya kichaka, basi. Asipewe maziwa wala ugali, na asitiliwe maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Asifungiwe tunduni hata mtoto akiomba vipi.

Mengine ni mepesi. Ua la michongoma lisikatwe mpaka viota viwe vitupu. Bustani isipulizwe dawa makinda wanapolishwa viwavi.

Kuhusu bundi, jirani wakitaka kumpiga mawe kwa ajili ya uchawi, waandae wanao waseme anakula panya wa ghalani. Wetu walisema mbele ya wazee, kwa adabu, na bundi bado yupo kwenye mbuyu.

Hao watoto wa Ulaya walioonwa na wanao huenda hata wakamwona ndege yule yule mnayemwona ninyi. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme mwezi wa tatu na wa nne wanajiandaa kurudi kaskazini, Ulaya na Asia, kuzaa majira ya kuchipua. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Wape daftari waandike tarehe ya mwisho kuwaona, na mwezi wa tisa au wa kumi tarehe wanaporudi. Uliza pia shuleni kama kuna klabu ya Malihai, yaani klabu ya wanafunzi ya kuhifadhi wanyamapori na mazingira, zipo nchini tangu 1980. Na Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, mwalimu akikubali wanaweza kuwasomea wenzao daftari lao.

Ukikuta kinda kabla sijarudi hewani, andika hapa kama ana manyoya na umemkuta chini ya mti gani. Nafungua simu kila baada ya swala ya isha.