Re: Liwali ni cheo gani?

Ndugu, uliuliza kama liwali alikuwa hakimu tu au mkubwa zaidi. Alikuwa mkubwa zaidi: gavana wa mji kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Kilwa zote zilikuwa na maliwali wao. Kesi alisikiliza pia, ndiyo maana wengi humchanganya na kadhi.

Neno ni la Kiarabu, al-wali, yaani mwenye mamlaka. Wapwani walilimeza pamoja na ile "l" ya mwanzo, ikawa liwali. Afadhali, maana wali kwetu ni wa sahani! "Wilaya" nayo imetoka kwenye mzizi huohuo, na Oman mpaka leo mkuu wa wilaya huitwa wali.

Wajerumani walipotwaa Tanganyika hawakukifuta cheo, walikitumia pamoja na maakida (wasimamizi wa vijiji kadhaa) na majumbe (wakuu wa vijiji). Kwa Waingereza vilevile: baada ya mkataba wao na Sultani wa 1895 kuhusu pwani ya Kenya, liwali wa Mombasa alibaki kitini chini ya serikali yao. Akina Ali bin Salim na Mbarak Ali Hinawy walikikalia kiti hicho.