Shangazi Anajibu: Mwili Wako na Anayekupenda

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 24, naishi Kirumba. Mchumba wangu anasema nikiwa mweupe kidogo nitapendeza zaidi. Kaniletea krimu kwenye kopo lisilo na lebo, na uso umeanza kung'aa. Niendelee?*

Marahaba mwanangu. Usiendelee. Huo ni mkorogo, na mkorogo mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hupenya kwenye ngozi ikaenda kuharibu figo. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba. Umewaona wanaoutumia: uso mweupe, vishipa vyekundu mashavuni, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, jua la saa saba la hapa Mwanza linawachoma. Siku wakipasuliwa, kidonda kinakawia kufunga. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu ukishaacha, nenda kwa daktari wa ngozi, na kopo ulibebe akalione.

Sasa huyo mchumba. Alikukuta na rangi hiyohiyo, akakutongoza. Mrudishie kopo lake, umwambie habari za rangi ziishe. Akinuna wiki nzima, afadhali umemjua kabla ya mahari.

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, Igoma. Tumbo langu lina michirizi. Mume wangu ananiita pundamilia mbele ya rafiki zake, wanacheka, na mimi nacheka. Usiku siwezi kuvua nguo mpaka nizime taa.*

Anza kwa kuacha kucheka, maana ukicheka anajua mmekubaliana. Kisha mkiwa wawili tu, mwambie: "Baba watoto, lile neno linaniumiza, sitaki kulisikia tena." Utani tunao, wa babu na mjukuu, wa mashemeji, wa makabila. Tumbo lililombebea watoto wake halimo humo. Michirizi yenyewe hufifia taratibu, ila haifutiki kabisa, na hayo mafuta wanayokuuzia hayaifuti. Hiyo hela nunulia sato.

Na siku maneno yakigeuka kofi, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenzake. Polisi kuna Dawati la Jinsia.

*Shangazi, nauza dagaa Mwaloni. Mchumba wangu ananizidi urefu, na tukipanda kivuko cha Kamanga watu wanatucheka. Nimkataze viatu virefu?*

Yeye amelalamika? Hukuandika. Mwache avae viatu vyake. Wanaocheka ni abiria, nao watashuka Kamanga.