Sanduku la Wasomaji: Kilo ya Korosho, Ada ya Mtoto na Mkono wa Mgombea

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Kusini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: hela ya kumsomesha mtoto inatoka mfuko gani, na nani ana haki ya kuishika. Majina ya walioandika tumeyaondoa.

Shikamooni. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), daraja la kwanza. Kuna kijana hapa anayefuatana na diwani, ameniambia nafasi za Samia Skolashipu, ule ufadhili wa serikali wa masomo ya chuo, zimegawanywa kwa kata na kwamba kwa shilingi 200,000 jina la binti litaingia. Korosho bado, nimefikiri niuze kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, gunia mbili nipate hiyo hela. Mnanishauri nini?
*Mama mzazi, Tandahimba*

Marahaba, mama. Hela usitoe na korosho usiuze. Mgawo wa kata haupo. Ufadhili huo ulianza mwaka wa masomo 2022/23, na wanaoupata ni waliofanya vizuri zaidi nchini katika masomo ya sayansi, wanaokwenda kusomea sayansi, uhandisi, tiba na fani za aina hiyo. Majina yanatokana na matokeo ya Baraza la Mitihani, kwa hiyo diwani hana orodha, na anayebeba mkoba wa diwani hana zaidi. Daraja la kwanza peke yake halitoshi, maana wenye daraja la kwanza ni maelfu. Na kangomba, mbali ya kuwa imepigwa marufuku, bei yake ya shambani haitakaribia ya mnadani.

Nguvu zako ziweke kwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB). Maombi ni ya mtandaoni, dirisha kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, nayo hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, si kwa namba ya simu ya mtu.

Wengi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa kabla hata ya kufika kwenye fomu. Bodi haikubali cheti kwa kukitazama tu. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki unaombwa mtandaoni na kusubiriwa. Anayeanza Agosti 20 anajitafutia presha. Kama baba au mama amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa hivyo hivyo. Bila hicho, mfumo hautamtambua mtoto kuwa ni yatima hata kama kijiji kizima kilikwenda kuzika.

Kisha tazameni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Salum, cha kidato cha nne kinasema Salumu. Kimoja Hamisi, kingine Khamis. Kwetu ni jina lilelile, kwa kompyuta ni watu wawili. Wekeni vyeti vyote mezani leo, msome herufi kwa herufi, na palipo na tofauti mwone wakili mapema kwa ajili ya hati ya kiapo ya majina. Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo iwe ileile aliyoombea udahili chuoni. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na akitumia hii huku na ile kule, maombi yake na udahili wake havitakutana.

Fomu ikishachapishwa inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya kijiji au mtaa, na kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Mdhamini si lazima awe tajiri. Wewe mwenyewe, mama, unatosha, ukiwa na kitambulisho na picha. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya masikini, jaza taarifa hiyo sawasawa kwa sababu inahesabika katika kupima uhitaji. Kurasa zenye saini zipandishwe zikiwa zinasomeka. Picha ya simu iliyopigwa chini ya mwembe, nusu kivuli nusu jua, inarudishwa. Na mwisho kabisa kuna kitufe cha kuwasilisha. Wapo wanaolipa, wanapandisha kila kitu, halafu wanafunga simu bila kukibonyeza.

Akikosa awamu ya kwanza asilie. Zinakuja awamu nyingine, na baadaye dirisha la rufaa. Akumbuke pia kwamba huu ni mkopo: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe.

Sisi ni kikundi cha wazazi. Tunataka kuanzisha mfuko wa elimu wa kijiji kwa kukata shilingi 20 kwa kila kilo ya korosho msimu ukianza. Wengine wanaogopa kwa sababu michango iliyopita iliyeyuka. Tuanzie wapi?
*Katibu wa kikundi, Newala*

Wanaoogopa wako sahihi, na muwape nafasi kwenye kamati. Watawafaa kuliko wanaopiga makofi.

Anzeni na swali la nani ana mamlaka ya kukata. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuazimia mchango, lakini malipo ya korosho yanapita chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), na chama hicho ni mali ya wanachama wake. Makato yapite kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, yaandikwe kwenye muhtasari, na yaonekane kwenye hesabu ya malipo ya kila mkulima kama mstari unaojitegemea. Azimio la kijiji peke yake halimfungi karani wa AMCOS. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa: AMCOS moja mara nyingi huhudumia vijiji viwili au vitatu. Mkiazimia ninyi peke yenu, mtakuwa mnamkata mkulima wa kijiji jirani kumsomesha mtoto asiyemjua. Ama vijiji vyote viingie, ama makato yawe kwa orodha ya waliokubali kwa saini. Msimsahau mwenye duka, fundi na mwalimu ambao hawana hata mkorosho mmoja lakini wana watoto. Wao wawekewe kiwango chao cha mwaka.

Hesabu sasa. Tuseme kijiji kinauza tani 150, yaani kilo 150,000. Kwa shilingi 20 mnapata 3,000,000. Tuseme anayekwenda bweni kidato cha tano anahitaji 250,000 ya godoro, sare, vifaa na nauli, maana ada ya kidato cha tano na cha sita shule za serikali ilifutwa mwaka 2022 lakini fomu ya kujiunga bado ina orodha ndefu. Hesabu ya haraka inasema watoto 12. Msiahidi 12. Mwaka ujao ugonjwa wa ubwiriunga ukipiga mikorosho au mvua ikinyesha wakati wa maua, tani zikashuka hadi 90, mtabaki na 1,800,000, yaani watoto saba, na watano mliowaahidi wako njiani na masanduku. Wekeni akiba theluthi moja, msaidie wanane. Mfuko mdogo unaotimiza neno lake utachangiwa mwaka wa pili. Ule mkubwa uliovunja ahadi hauchangiwi tena.

Kisheria, msifungue akaunti kwa jina la mtu. Andikeni katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na orodha ya wanachama, mpate barua ya utambulisho ya mtendaji, mpeleke kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri mkasajiliwe. Cheti hicho ndicho benki itakachotaka. Watia saini wawe watatu, na hela itoke kwa saini za wawili kwa uchache. Mwenyekiti wa kijiji asiwe mmoja wao. Hatumtukani. Cheo chake ni cha kura, na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulibadilisha wenyeviti wengi. Akianguka, akaunti inalala hadi saini zibadilishwe, na kama ameanguka kwa hasira anaweza kuchelewa makusudi kwenda benki. Asiwepo pia mtia saini anayeishi Dar, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Mtoto asipewe fedha mkononi. Kama ni ada ya chuo, ilipwe kwa namba ya malipo ya chuo yenye jina lake. Kama ni godoro, mhazini na mjumbe mmoja waende dukani Newala mjini, wanunue, warudi na risiti. Mzazi asaini daftari kwamba amepokea godoro moja la futi mbili na nusu, si kwamba amepokea "msaada".

Kuchagua watoto ndiyo kazi chungu. Vigezo viwekwe kabla majina hayajaja, wakati kila mtu bado anadhani mwanawe atafaidika. Uhitaji upewe alama, ufaulu upewe alama, na majibu ya kamati yaandikwe. Mjumbe ambaye mtoto au mpwa wake ameomba atoke nje ya chumba, na muhtasari useme ametoka saa ngapi na amerudi saa ngapi. Kwenye ubao wa ofisi ya kijiji bandikeni kila baada ya miezi mitatu, mkutano mkuu unapokaribia: kilichoingia, kilichotoka, salio, na idadi ya watoto. Majina msibandike. Hakuna haja ya mtoto kusomwa ubaoni kama mwenye deni la dukani.

Na wale wanaosema watu hawana hela ya kuchangia elimu, tunawakumbusha tu jinsi mchango wa ngoma ya unyago unavyokamilika: kila nyumba inajua kiwango chake, kuna daftari, na mwenye daftari haogopi kusoma majina. Utaratibu mnao tayari.

Mtia nia mmoja wa ubunge anataka kulipia wanafunzi 12 wa kata yetu ada ya chuo cha ufundi cha VETA, ila ameomba tuitishe mkutano, akabidhi hela hadharani na vijana wavae fulana zake. Kuna ubaya?
*Mwenyekiti wa vijana, Lindi mjini*

Upo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inakataza kutoa zawadi, fedha au fadhila kwa lengo la kuwashawishi wapiga kura, kuanzia hatua ya uteuzi. Wakubwa mtakumbuka neno takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu kwa jina la ukarimu, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa mpaka kati yake na rushwa haukuonekana. Anayepokea naye ana lake la kujibu, si mtoaji tu.

Mpeni jaribio rahisi. Mwambieni ada italipwa moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya chuo, bila mkutano, bila fulana, na kwamba mtapenda alipe baada ya uchaguzi. Akikubali, pokeeni kwa shukrani. Akisema "sasa mimi nitafaidikaje", mmeshajibiwa. Kuna na hili la kawaida zaidi: kozi ina mihula, yeye analipa wa kwanza wakati wa kampeni, kura zikihesabiwa simu haipokelewi, na kijana anarudi nyumbani na nusu ya ufundi umeme. Kama ni mfadhili wa siku nyingi, tangu kabla ya kutia nia, aendelee kimya kimya kama alivyokuwa.

Assalaam alaykum. Nimeuza korosho vizuri msimu huu. Je, nitoe zaka ya mazao? Na naweza kuitoa kwa kumlipia ada mtoto wa marehemu kaka yangu, au kuiweka kwenye mfuko wa elimu wa kijiji?
*Mkulima, Ruangwa*

Waalaykum salaam. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi huku Pwani na Kusini, zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachohifadhika: mpunga, mahindi, mtama, pamoja na tende na zabibu. Korosho haimo. Kwa mpunga na mahindi ya mvua ni sehemu moja ya kumi, na ya kumwagilia kwa gharama ni nusu yake, ikifika takriban kilo 653. Wahanafi wana kauli pana zaidi inayoingiza mazao mengine, kwa hiyo muulize sheikh wako unayemfuata.

Hela ya korosho haijaepuka, ila inahesabiwa kama fedha. Ikikaa mwaka mzima wa Kiislamu, na ikawa haijashuka chini ya thamani ya gramu 85 za dhahabu, unatoa asilimia 2.5. Muulize sonara bei ya gramu ya dhahabu safi, karati 24, si ya mkufu wa karati 18, uzidishe mara 85. Hicho ndicho kiwango chako. Ukivuka na una 30,000,000, zaka ni 750,000.

Mtoto wa kaka yako, akiwa masikini na si jukumu lako kisheria kumlisha, anafaa, na una thawabu ya undugu juu yake. Wanao mwenyewe hawafai. Kwenye mfuko wa kijiji kuwa mwangalifu, maana mfuko huo unasaidia pia mtoto mwenye uwezo aliyefaulu sana, na zaka ni ya watu maalumu. Mkitaka kuipokea, iwe na daftari lake na iishie kwa masikini tu. Madawati na ukuta wa madrasa, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ni sadaka, si zaka.

Mbunge wetu ana Mfuko wa Jimbo. Kwa nini hanilipii ada ya chuo kama wanavyofanya Kenya?
*Mwanafunzi, Masasi*

Kwa sababu sheria ni tofauti. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, chini ya sheria ya mwaka 2009, ni wa miradi ya jamii: saruji ya darasa, pampu ya kisima, mabati ya zahanati. Fedha hukaa akaunti ya halmashauri na mbunge ni mwenyekiti wa kamati tu. Akikulipia, analipa kutoka mfukoni kwake, na hapo rudi ukasome jibu la kijana wa Lindi. Barua yako ya kuomba bweni la wasichana la sekondari ya kata, ikiwa na muhtasari wa mkutano wa kijiji nyuma yake, ina nafasi zaidi ya kujibiwa. Ipeleke kwa Afisa Mipango wa halmashauri, nakala kwa mbunge, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.