Moshi wa kuchomea na mapafu: majibu kwa mafundi wa Kigoma

Nachomea mageti hapa Mwanga, kazi zote nafanya nje chini ya mwembe na upepo wa ziwa upo, si niko salama?

Hapana kaka. Nje ni afadhali kuliko ndani, ila ukiinamia kazi moshi unakuingia puani kabla upepo haujaugusa. Mwaka 2017 IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, liliuweka moshi huu kundi la 1, yaani ushahidi umetosha kwamba unaleta saratani ya mapafu, na hapo wanaongelea hata chuma cha kawaida, sio stenlesi tu yenye kromiamu na nikeli. Uingereza tangu 2019 hata anayechomea nje wanamtaka avae kinga ya kupumulia. Tafuta barakoa yenye alama ya FFP3, ikukae vizuri usoni (ndevu zinapitisha moshi), kile kitambaa unachofunga hakizuii kitu. Na upepo ukupitie ubavuni, ukiupa mgongo moshi unazunguka unarudi usoni. Sigara nayo acha ndugu yangu, unaongeza hatari juu ya hatari.

Bosi anatununulia maziwa kila jioni, yanasafisha kifua?

Hayasafishi. Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Mwambieni hela hiyo anunue barakoa.

Nikichomea mabomba ya zinki jioni napata homa na kutetemeka, napima malaria hakuna, kesho nimepona.

Hiyo ni homa ya moshi wa zinki, sio saratani, lakini inaonyesha unavuta mwingi mno. Kwangua zinki pale unapochomea kabla ya kuwasha mashine, na ukikwangua vaa barakoa. Malaria endelea kupima, Kigoma huku usibahatishe.

Mume wangu ni fundi miaka mingi, anakohoa mwezi wa pili na amepungua, dukani wanampa dawa za kikohozi tu.

Dada, dukani basi, mpeleke hospitali wiki hii. Kikohozi cha wiki mbili tu kinatosha kwenda kupima TB, na vituo vya serikali wanapima bure. Ikionekana hana TB msirudi nyumbani mkaridhika, ombeni picha ya kifua, na mwambieni daktari wazi kwamba anachomea vyuma na ni miaka mingapi, maana wengi wanaishia kusema "fundi" tu. Akikohoa damu msisubiri hata kesho. Saratani ikihisiwa watawaandikia rufaa, Bugando kule Mwanza wanatibu.