Waliobaki kwenye lindo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama maradhi yaliyozuka mwaka 165, zama za Kaisari Marcus Aurelius, ndiyo yaliyovunja nguvu ya jeshi la Roma. Nasema ndiyo, na wanaohesabu maiti tu hawajawahi kulala hangani, bweni la askari.

Mimi nimelala. Nikiwa kuruta, kambi siitaji, tetekuwanga iliingia kombania yetu. Ilianza kwa kijana wa kitanda cha juu yangu: vipele viwili shingoni, akasema ni kunguni. Wiki ya pili hanga zima linajikuna. Hakufa hata mmoja. Ila asubuhi tukihesabu namba, mstari uliokuwa ukipita mia ulikomea sitini na kitu, na malindo hayakupungua! Sisi tuliougua utotoni tulikesha lindoni, alfajiri mchakamchaka, mchana kuwabebea wenzetu uji na maji ya kuoga. Yule wa kitanda cha juu alifungwa vitambaa mikononi asijichubue, akawa ananiomba nimkune mgongo. Nilimkuna huku nasinzia. Usiku wa nne mfululizo nililala nimesimama, nimeegemea lango la ghala. Angekuja adui angenikuta hivyo hivyo.

Sasa weka ndui mahali pa tetekuwanga, maana dalili alizoziandika tabibu Galen wengi wanaona ni za ndui. Askari walirudi nayo kutoka vita vya Parthia, dola jirani ya mashariki, walikouteka mji wa Seleucia kando ya mto Tigris. Majira ya baridi ya 168 kuingia 169 ndui ilikuwa kambini Aquileia, mji wa kaskazini mwa Italia. Galen alikuwepo, na aliandika kwamba wengi walikufa, si kwa maradhi tu, bali pia kwa kuwa ilikuwa katikati ya baridi. Marcus akaandikisha watumwa, wapiganaji wa viwanjani, hata majambazi wa Dalmatia, akanadi na vyombo vya ikulu kulipia vita. Mnamo 170 Wamarcomanni, kabila la Kijerumani, wakavuka Danube, mto wa mpaka wa kaskazini, wakaja kuizingira Aquileia yenyewe.

Lakini hapa nakwama. Watumwa wale walisimama lindo. Kufikia 175 Wamarcomanni walikuwa wamekubali masharti ya amani, na Marcus anakufa mwaka 180 jeshi lake bado liko Danube, linapigana. Basi jibu langu ni hapana, halikuvunjika, walau si kwa miaka ile, wala si kwa maradhi peke yake. Ila mngeniuliza usiku ule wa nne pale langoni, ningewajibu vingine.